Bei Iandike Hapohapo

Fungua ukurasa wowote wa muuza nguo wa Dar es Salaam huko Instagram, ushuke kwenye maoni. Utakuta watu wamepanga foleni ya neno moja: "Bei?" Chini ya kila mmoja jibu ni lilelile: "Njoo DM mpendwa." Wachache wataenda. Wengi watapita zao, kwa sababu ukurasa unaofuata unauza gauni la aina hiyohiyo na umeandika: 35,000, Kariakoo Mtaa wa Aggrey, mikoani tunatuma.

Ndiyo maana naanza na bei, kabla ya picha na kabla ya matangazo ya kulipia. Sababu za kuificha nazijua. Mshindani ataiona na kushusha kwa mia tano. Mteja wa jumla ataona bei ya rejareja na kukimbia. Tena kuna imani kwamba mtu akishaingia kwenye ujumbe wa faragha, basi ameshanasa.

Mshindani wako ana simu. Atakuuliza bei akijifanya mteja, na huenda alishakuuliza juzi. Suala la jumla linamalizwa na mstari mmoja: "Kuanzia doti 10 bei ya jumla, tuongee." Hiyo imani ya kunasa ndiyo yenye hasara. Mtu anayelazimika kuulizia bei kwa siri anaingia akiwa ameshajihami. Anahisi utaangalia kwanza picha yake ya wasifu, na ukimwona amesimama mbele ya gari utampandishia. Hata kama wewe huna tabia hiyo, wenye nayo wamekutangulia. Na bei iliyoandikwa haizuii maelewano. Wauza viwanja na magari wameandika "maongezi yapo" miaka yote, na watu wanaongea.

Tumchukue muuza khanga na madera awe mfano wetu. Mtaji wake ni laki tano hivi. Mzigo anachukua Kariakoo, anauzia nyumbani Mbagala, Buza au Tegeta, na hana fremu. Anayeuza keki, viatu vya mtumba au asali ya Tabora atabadilisha mawili matatu, mengine yatamfaa vilevile.

Anza na WhatsApp

Wengi hukimbilia Instagram kwanza, wakafungua ukurasa, wakatengeneza nembo, wakakaa miezi wakisubiri wafuasi. Wateja wako wa mwanzo tayari wamo kwenye simu yako: shoga wa kikoba, mwalimu wa mtoto, binamu wa Morogoro, mpangaji mwenzako wa zamani. Hao wanakujua, na kujuana ni nusu ya kuuza katika nchi ambayo kila mwenye simu ameshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Pakua WhatsApp Business, ile ya biashara. Ipo tangu 2018 na ni bure. Isajili kwa laini tofauti na ile ya nyumbani, maana simu nyingi zetu ni za laini mbili na programu zote mbili zinakaa kwenye simu moja bila kugombana. Jaza jina la biashara, saa za kazi, mahali ulipo na maelezo mafupi ya unachouza. Kisha ingia kwenye katalogi uweke bidhaa zako, kila moja na picha, bei na namba yake. Katalogi inapokea hadi bidhaa 500, ambazo huna, kwa hiyo nafasi si tatizo.

Namba ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Kila khanga ipe namba: K1, K2, K12. Bila namba mteja atakuandikia "nataka ile nyekundu uliyoweka juzi", na wewe una nyekundu nne, mtabishana kwa ujumbe kumi na tano kabla hamjaelewana ni ipi. Akiandika "K12" mmemaliza.

Kuna na majibu ya haraka. Unaandika maelezo ya malipo mara moja, unayapa jina fupi, halafu kila ukiulizwa unabonyeza mkwaju "/" na jina hilo, maelezo yote yanatokea. Jiandalie matatu: namna ya kulipa, gharama za kutuma, na mahali unapopatikana. Zipo pia lebo za kubandika kwenye mazungumzo. "Ameulizia", "amelipa" na "mzigo umetoka" zinatosha. Asiyeziweka, siku akiwa na wateja thelathini atatuma doti ya mtu wa Dodoma kwa mtu wa Lindi.

Sasa stetasi, dirisha la duka la Mtanzania asiye na fremu. Stetasi yako haimfikii kila mwenye namba yako. Ni lazima nyote wawili mwe mmesevu namba, yeye yako na wewe yake. Kwa hiyo siku ya kumkabidhi mzigo mwambie, "Dada, nisevu, kila mzigo ukiingia utauona kwenye stetasi." Nawe msevu kwa jina litakalokukumbusha biashara: "Dada Moro khanga za bluu". Ukituma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, kupitia ile orodha inayobeba watu 256, masharti ni hayohayo: asiyekusevu hatapata kitu, na wewe utabaki ukidhani amekupuuza.

Weka picha tano au sita kwa siku, basi. Vile vistari vya juu ya stetasi vikishakuwa vingi hadi vinaonekana vidoti, mtu anajua anapelekwa mnadani na anapitiliza. Kuhusu magrupu ya WhatsApp, usimwingize mtu bila kumuuliza. Atatoka, nawe utaona ametoka.

Picha ya khanga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea bila mwenyewe kujua.

Mnunuzi wa khanga ana maswali yake yaleyale. Jina linasemaje? Rangi ni hiyohiyo ninayoiona? Kitambaa ni kizito au ni kile cha kuona mkono upande wa pili? Na zipo ngapi za aina hiyo? Picha zako zijibu hayo yote kabla hajauliza.

Kwanza futa kioo cha kamera. Simu iliyoshikwa na mikono yenye mafuta ya maandazi inatoa picha za ukungu, na wengi hulaumu ubora wa simu. Piga asubuhi au jioni, karibu na mlango au dirisha, na taa ya ndani uzime. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa jua, nyeupe inageuka njano na zambarau inakuwa kitu kisicho na jina. Khanga ipigwe pasi. Mikunjo ya bando la kiwandani inamwambia mteja kwamba hata wewe hujaifungua.

Itundike kwenye kamba mbele ya ukuta usio na mambo mengi. Picha ya kwanza ni khanga nzima, pindo zote nne zikiwa ndani, mji wake ukionekana katikati. Ya pili ni jina peke yake, limejaza picha, linasomeka bila kuvuta kwa vidole. Ya tatu ingiza mkono nyuma ya kitambaa, uelekeze kwenye mwanga, watu waone uzito. Usiogope kuonyesha kwamba ni nyepesi ikiwa ni nyepesi na bei yake ni ya nyepesi. Ya nne iwe imevaliwa, hata kama aliyeivaa anaonekana kuanzia mabegani kwenda chini. Ukiweza ongeza video ya sekunde kumi: doti inafunguliwa, inageuzwa, inakunjwa. Ndefu zaidi ya hapo inamla mtu bando.

Usitumie vichujio vya kung'arisha rangi. Nyekundu itakuwa waridi, mteja atafungua mzigo Singida, atapiga picha kitu halisi na kukiweka sambamba na chako kwenye ukurasa wake. Halafu epuka kuweka picha uliyoichukua kwa muuzaji wa China au kwa mwenzako wa Kariakoo. Watu wameshaumwa na mambo ya picha hivi, mzigo vile, na siku hizi wanauliza moja kwa moja: "Hii ni picha yako?" Shikilia kipande cha karatasi chenye jina la duka lako kwenye picha moja, swali limekwisha.

Maelezo ya chini ya picha yaanze na jina la khanga. Mnunuzi wa khanga hununua maneno. Kuna shangazi anayetafuta la kumfunda bibi harusi, kuna anayemtafutia wifi ujumbe ambao hawezi kumwambia kwa mdomo. Mtu akipenda jina ataichukua picha yako na kuiweka kwenye stetasi yake mwenyewe, mara nyingi kumlenga mtu fulani. Ugomvi wao haukuhusu, ila namba yako ya simu iwe imeandikwa pembeni ya picha hiyo.

Halafu andika idadi: "Zipo doti 40 za jina hili." Mstari huu huachwa na wengi, nao ndio unaovuta mteja mkubwa. Wanaotafuta sare za kikoba, za kitchen party, za arobaini au za Siku ya Wanawake hawatafuti doti moja. Wanatafuta thelathini zinazofanana, na mwenyekiti wao anapita kurasa usiku akitafuta mwenye idadi. Mteja mmoja wa sare anaweza kukulipia kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Maongezi

Picha imefanya kazi yake, mtu ameandika. Kuanzia hapa mtandao haukusaidii tena, umebaki wewe na yeye.

"Habari, K12 ipo?"

Jibu la kawaida ni "Ipo." Halafu kimya. Mteja naye ananyamaza, kila mmoja anamsubiri mwenzake, siku inapita. Jaribu hivi:

"Nzuri dada, karibu. K12 ipo, zimebaki doti sita, 15,000 kila doti. Uko wapi nikwambie na gharama ya kukufikishia?"

Ameitikiwa salamu, ameambiwa idadi na bei, na ameachiwa swali rahisi. Akijibu "Kigamboni", mmeshaingia kwenye usafirishaji, na anayejadili usafiri ameshaamua kununua.

Usimjibu kwa sauti ya dakika mbili. Huenda yuko kwenye daladala, hana spika za masikioni, na hatafungua sauti ya mtu asiyemjua mbele ya abiria. Andika. Ukiona picha yake ni ya mtu mzima, "mama" inafaa kuliko "dada". Akianza na "Assalaam alaykum", itikia salamu yake kikamilifu ndipo uingie kwenye khanga. Majina ya "kipenzi", "my" na "bebi" kwa mtu usiyemjua, kwa maoni yangu, yaache. Wapo wanaoyapenda, lakini wanaokerwa hawatakwambia, watahama tu.

Kutakuwa na siku umeulizwa na watu kumi na wawili na hakuna aliyenunua. Siku hiyo ndiyo siku ya kuweka simu chini, maana kishawishi cha kupandisha kijembe kwenye stetasi ("wengine kazi yao kuuliza bei") ni kikubwa. Nimeona biashara nzuri zikigeuka uwanja wa mipasho, na wateja waliolipa vizuri wakianza kujiuliza kama wao ndio waliosemwa. Aliyeuliza bei tarehe 12 anaweza kuwa anasubiri mshahara wa tarehe 28. Mwekee lebo ya "ameulizia", na tarehe 28 mkumbushe mara moja kwa adabu: "Dada, ile K12 bado zipo mbili, nikuwekee?"

Pesa na mzigo

Mnunuzi anaogopa kutapeliwa, nawe unaogopa kutapeliwa. Biashara ya mtandaoni ya kwetu imesimama juu ya hofu hizo mbili, na anayezipunguza ndiye anayeuza.

Chukua Lipa Namba ya mtandao wa simu unaoutumia. Mteja hatalazimika kukuongezea "na ya kutolea", na miamala ya biashara inakaa peke yake bila kuchanganyika na hela ya ada ya mtoto. Kuna jambo dogo la kuangalia hapa. Mteja akiingiza namba, kabla hajakamilisha malipo, simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Likitokea jina la mwanamume asiyemjua wakati duka lako linajulikana kwa jina la kike, kidole chake kitasita, na wengine wataghairi palepale. Mwambie mapema: "Litatokea jina hili, ndilo letu." Maneno hayo machache yaweke kwenye lile jibu la haraka la malipo.

Upande wako, usitoe mzigo kwa kuona ujumbe. Ujumbe wa kughushi unatumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu, wakati wa kweli unaingia kwa jina la huduma yenyewe. Hata picha ya muamala inahaririwa kwa dakika moja. Angalia salio. Akikuharakisha, "bodaboda ananisubiri, nimeshatuma", angalia salio mara mbili.

Kwa mteja wa Dar es Salaam, kulipa mzigo ukifika kunavumilika, ila nauli ya bodaboda itangulie. Kwa wa mikoani, alipe yote au nusu, nawe umwonyeshe kila hatua: picha ya mzigo umefungwa na jina lake juu, picha ya risiti ya basi kutoka Mbezi kwenye kituo cha Magufuli, jina la basi, na namba ya wakala wa upande wa pili. Wa Zanzibar mzigo unapita kwa boti, utaratibu ni uleule. Picha ya risiti iweke pia kwenye stetasi, ukifuta namba za simu za watu. Mtu wa Bukoba aliyekuwa akisitasita ataona khanga zinakwenda Bukoba.

Instagram na TikTok

Hizi ni za kukutana na wasiokujua. Instagram geuza akaunti iwe ya kitaalamu, ni bure, na itakuonyesha wafuasi wako huwa hewani saa ngapi. Maelezo ya juu yana nafasi ya herufi 150 tu, zisiishie kwenye "Mungu ni mwema" na maua. Unauza nini, uko wapi, unatuma wapi. Halafu weka kiungo cha kumfungulia mtu WhatsApp yako moja kwa moja. Kinaandikwa wa.me/255 kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi na bila alama ya kujumlisha. Anayelazimika kunakili namba, kuisevu, kisha kutafuta programu nyingine, njiani atakutana na stori ya udaku na hatarudi.

Juu ya ukurasa unaweza kubandika posti tatu zisishuke. Moja ielezee namna ya kuagiza na kulipa. Nyingine iwe bidhaa inayotoka kuliko zote, na bei yake. Ya tatu iwe ushahidi wa wateja: mizigo, risiti, shukrani zao.

TikTok inawaonyesha video zako watu wasiokufuata kabisa, na huo ndio uzuri wake. Kunja doti, funga lemba, onyesha namna tatu za kufunga khanga kiunoni isidondoke ukiwa jikoni. Ubaya ni kwamba anayetazama anaweza kuwa Kisumu au Muscat akicheka tu. Ukiifanya akaunti iwe ya biashara, nyimbo nyingi za Bongo Fleva hutazipata humo, kwa kuwa akaunti hizo zimewekewa maktaba yake ya muziki ulioruhusiwa kibiashara. Ongea mwenyewe. Sauti yako ya kawaida, na kuku wa jirani wakisikika nyuma, inamfanya mtu aamini kuna binadamu.

Wafuasi wa kununua usinunue. Hawavai khanga. Mtu maarufu wa kukutangazia atakula faida ya msimu mzima. Mtafute fundi cherehani mwenye wafuasi elfu tatu wa kweli, anayeshona magauni ya khanga, mpe doti mbili ashone na ataje ulikozitoa. Wanaomfuata yeye wanatafuta kitambaa.

Kulipia tangazo

Bonyeza kusponsa ukiwa na hesabu kichwani. Tuseme umelipa shilingi 30,000 kwa siku tano, tangazo linalompeleka mtu WhatsApp, umechagua wanawake wa Dar es Salaam na Morogoro wa miaka 25 hadi 50. Watu arobaini wameandika. Sita wamenunua doti moja moja, na kila doti inakuachia faida ya 4,000. Umepata 24,000, umetoa 30,000. Umeingia hasara, ingawa mauzo ya 90,000 yalikufanya ujione umepiga hatua. Ama wawili kati ya hao sita warudi kununua tena bila tangazo, ama usponsa kitu chenye faida nene zaidi, kama sare za jumla au dera lililokwisha kushonwa.

Kwa hiyo usilipie posti kwa sababu tu Instagram imekutumia ujumbe kwamba "inafanya vizuri". Lipia ile ambayo bila kulipiwa tayari imekuletea wanunuzi. Ikiwa haina bei wala mahali ulipo, usiilipie hata senti.

Msimu nao ni hela. Kuanzia tarehe 25 hadi tarehe 5 watu wana mishahara. Tarehe 15 weka vitu vya kuchekesha na kuelimisha, usisukume sana. Januari ni ya ada na sare za shule, khanga itakaa. Siku ya Wanawake ni Machi 8, na vikundi vya maofisini huanza kukusanya michango ya sare wiki kadhaa kabla. Ukianza kutangaza Machi mosi umechelewa, fundi naye anataka muda. Ramadhani anza kuonyesha madera mapema, kwa kuwa kumi la mwisho mafundi hawapokei tena kazi.

Mambo ya kukulinda

Picha ya mteja amependeza na khanga yako ni tangazo zuri, lakini omba ruhusa, na ibaki kwenye maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na ya kwake mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikipiga faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kiwanja kimoja cha starehe cha Nairobi kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Ujumbe mfupi wa "Dada, naweza kuiweka kwenye ukurasa?" haugharimu kitu. Ukijibiwa hapana, mshukuru.

Akaunti yako ifunge kwa uthibitisho wa hatua mbili, leo, kwenye mipangilio. Ile namba ya tarakimu sita inayoingia kwenye simu usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni rafiki yako aliyekosea, hata akiwa anaandika kutoka akaunti ya rafiki yako kweli. Ndivyo akaunti zinavyochukuliwa, kisha wateja wako wanaanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Na namba za wateja ziandike kwenye daftari la karatasi. Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa hitilafu ya kampuni yenyewe, maana zote tatu ni za mmiliki mmoja. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021. Kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika na ikakaa siku kadhaa. Aliyekuwa na daftari alipiga simu ya kawaida na kutuma meseji. Wengine hawakujua hata mzigo uliokuwa njiani ni wa nani.

Kodi: kuuzia sebuleni hakukutoi kwenye orodha ya TRA. Chukua TIN, weka kumbukumbu za mauzo, ukamwone ofisa wa karibu akufanyie makadirio kwa viwango vya mwaka huo, kwa kuwa Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai.

Daftari hilohilo liongezee safu moja: "Ametuona wapi?" Muulize kila anayelipa, wakati unafunga mzigo. Stetasi, Instagram, TikTok, ameambiwa na shoga, tangazo la kulipia. Baada ya miezi mitatu hesabu doti, likes ziache. TikTok ikiwa imekupa watazamaji elfu kumi na doti mbili, na stetasi yenye watazamaji sitini imekupa doti kumi na tano, ile saa moja ya jioni baada ya watoto kulala utajua uitumie wapi.